Bodi ya ajira humpa nani kazi ya kufundisha vijana?

SWALI: Jambo ndugu. Mimi ni mama wa Uvira, Kongo, niko hapa Kentucky tangu 2016. Tuna shirika letu dogo. Tunafundisha vijana na akina mama kushona, kutunza wazee, na Kiingereza cha kazini. Mara mbili tumeomba fedha za vijana kwa bodi ya ajira ya hapa, na mara mbili tumekataliwa. Mara ya pili kazi ilipewa shirika kubwa ambalo halina hata mtu mmoja anayesema Kiswahili, na sasa wanatupigia simu tuwaletee vijana! Wanachagua namna gani? Au ni kujuana tu?

JIBU: Mama, asante kwa kunitumia andiko lenu la kuomba fedha pamoja na barua ya bodi. Nimeyasoma yote mara mbili. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalouma.

Kujuana kupo, kama ilivyo popote palipo na fedha, na nitakuonyesha mbele jinsi ya kuchunguza kama kujuana kumetumika. Lakini kwa karatasi nilizoziona, hamkuangushwa na kujuana. Mlipata alama 61 mahali ambapo mpaka wa kufuzu ulikuwa 70, na alama karibu zote zilipotea katika sehemu mbili: matokeo na fedha. Sehemu ya mafundisho, ile mliyoiandika kwa moyo, mlipata karibu zote. Mlijibu vizuri sana swali la jinsi mnavyofundisha. Bodi ilitaka zaidi kujua nani atabeba hesabu, nani ana akiba ya kungojea malipo, na nani atajua kijana yuko wapi mwaka mzima baada ya kuondoka darasani.

Nimekaa miaka kadhaa upande wa wanaosoma maandiko ya namna hii na kuyapa alama, kwa hiyo ngoja nikupitishe ndani ya nyumba chumba kwa chumba.

Kule kwenu ukisema mafunzo ya ufundi, mtu anafikiria INPP. Mtanzania anafikiria VETA. Ni taasisi yenye karakana, walimu na lango la kuingilia. Bodi ya hapa haina cherehani hata moja. Kazi yake ni kupanga, kugawa fedha, na kusimamia wanaozitumia. Inatokana na sheria ya serikali kuu iitwayo WIOA, aliyoitia saini Rais Obama tarehe 22 Julai 2014, ikachukua nafasi ya sheria ya 1998. (Muda wake rasmi ulikwisha 2020, na tangu hapo Bunge limekuwa likiitengea fedha mwaka hadi mwaka bila kuipitisha upya. Ndiyo maana kila tangazo la zabuni lina ule mstari wa kwamba mkataba unategemea upatikanaji wa fedha. Usiupuuze.) Nchi nzima bodi hizi ni zaidi ya 500. Kentucky imegawanywa katika maeneo 10, na kila eneo lina yake.

Wajumbe huteuliwa na wakuu waliochaguliwa na wananchi: meya, au mkuu wa kaunti, yule ambaye Kentucky humwita jaji ingawa hahukumu kesi. Sheria inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wawe watu wa biashara, na mwenyekiti awe mmoja wao. Angalau asilimia 20 wawe wa upande wa wafanyakazi, yaani vyama vya wafanyakazi, programu za uanagenzi, na hata mashirika ya jamii kama lenu. Waliobaki ni elimu ya watu wazima, vyuo, maendeleo ya uchumi, idara ya ajira ya jimbo na huduma za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo wakiwa 25, wafanyabiashara hawapungui 13.

Nakutajia haya ili umwone anayepiga kura ya mwisho. Mara nyingi ni meneja wa rasilimali watu wa kiwanda, au mtu wa hospitali, au mwenye kampuni ya ujenzi. Andiko lako linaposema kijana amepata matumaini, anatikisa kichwa kwa heshima. Likisema vijana 14 kati ya 20 bado wako kazini baada ya miezi sita, anakaa sawa kwenye kiti.

Sasa, fedha za bodi hazitoki kwa mlango mmoja, na hapa ndipo watu wetu wengi hupotea. Kuna mkataba wa kuendesha kituo cha ajira chenyewe, ambao lazima ushindaniwe angalau kila miaka 4. Huo si wenu, tuuache. Kuna mikataba ya huduma za vijana, ambayo ndiyo mliyoomba. Na kuna orodha ya watoa mafunzo waliokubaliwa, ambayo haina mkataba kabisa. Kila mlango una bawabu wake na maswali yake, na kuna tundu la nne ambalo wachache wanalijua. Nitafika huko.

Tuanze na vijana. Sheria inasema bodi ikiamua kutoa fedha za vijana kwa shirika lingine, lazima iwe kwa ushindani. Inaweza kukwepa ushindani pale tu inapothibitisha kwamba eneo halina watoa huduma wa kutosha. Lakini sikiliza vizuri lile neno "ikiamua". Wakala anayeshika fedha za bodi anaruhusiwa kuzitoa baadhi ya huduma za vijana mwenyewe, hasa kuandikisha, kupima na kumfuatilia kijana. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuandika chochote ni: mwaka huu ni huduma zipi hasa zinazokwenda kwenye zabuni? Nimeona shirika likikesha wiki tatu kuandika juu ya kazi ambayo bodi ilishaamua kuifanya yenyewe.

Fedha hizo zina masharti ambayo yanambana mkandarasi, yaani shirika lililopewa mkataba, kuliko mnavyodhani, na kubanwa kwake ndiko nguvu yenu. Angalau asilimia 75 lazima zitumike kwa vijana wasio shuleni, wa miaka 16 hadi 24. Angalau asilimia 20 ziende kwenye uzoefu wa kazi, yaani kijana kuwekwa mahali pa kazi halisi, mara nyingi kwa malipo. Na huduma zinazopaswa kupatikana katika eneo ni 14, kuanzia masomo ya ziada hadi kufundishwa kutunza fedha, kulelewa na mtu mzima kwa muda usiopungua miezi 12, na kufuatiliwa miezi 12 baada ya kutoka. Mtoa huduma mmoja halazimiki kuzitoa zote 14. Nyinyi mliahidi zote. Wasomaji watatu kati ya watano waliandika pembeni kwamba shirika lenye wafanyakazi wawili haliwezi. Mngesema mnatoa tano, mkazitaja, na kuonyesha barua za wanaotoa zile nyingine, mngepata zaidi.

Mchakato wenyewe unakwenda hivi. Mwaka wa fedha hizi huanza 1 Julai, ingawa za vijana zinaweza kutolewa kuanzia 1 Aprili. Ukirudi nyuma, tangazo la zabuni, lile ambalo wenyewe huliita RFP, hutoka mara nyingi kati ya majira ya baridi na mwanzo wa masika. Bodi nyingi zina orodha ya wazabuni. Jiandikishe hata kama hamwombi mwaka huu, ili barua pepe ikufikie siku ile ile. Baada ya tangazo kuna kikao cha wazabuni na siku ya mwisho ya kuuliza maswali. Maswali huulizwa kwa maandishi na majibu hupewa wote. Tumia nafasi hiyo. Nimeona swali moja la shirika dogo likisababisha bodi kubadilisha sharti la bima kwa kila mtu.

Ila kuna jambo moja uliloniandikia kwa furaha likanifanya nishike kichwa. Ulisema mlipokuwa mnaandaa andiko ulimpigia simu mjumbe mmoja wa bodi, mtu mwema anayesali na ninyi, akakupa moyo. Mama, usifanye tena. Tangu tangazo linapotoka hadi mshindi anapotajwa, zabuni nyingi zinakataza kuzungumza na mjumbe au mfanyakazi yeyote juu ya zabuni hiyo, isipokuwa yule aliyetajwa kupokea maswali. Wangejua, wangeweza kulitupa andiko bila kulisoma. Kwetu sisi kumsalimu mkubwa kabla ya kuomba jambo ni adabu. Salamu yako ipeleke Oktoba, kabla ya tangazo. Mkaribishe aone darasa, anywe chai.

Siku ya mwisho ikifika, saa ni saa. Dakika moja baadaye andiko halipokelewi. Kisha kuna kichujio cha kwanza ambacho hakina alama: je, viambatisho vyote vipo? Saini, uthibitisho wa usajili, namba ya utambulisho wa shirika, UEI, ambayo serikali kuu hutoa bure (ukiona tovuti inataka dola kwa ajili hiyo, kimbia), hesabu za miaka miwili, bima. Maandiko mengi hufia hapa. Lenu lilipita, hongereni.

Baada ya hapo hupewa wasomaji, wanne au watano, wengine kutoka nje ya eneo. Kila mmoja husoma peke yake na kujaza fomu, kisha hukutana. Uzito wa kila sehemu umeandikwa kwenye tangazo lenyewe, kwa hiyo si siri. Mkiona mpango wa huduma una alama 30, uzoefu na matokeo 35, na bajeti 20, basi kurasa zenu zigawanyike hivyo hivyo. Nyinyi mlitumia kurasa 18 kueleza mafundisho, na matokeo mkayapa aya moja iliyosema "vijana wengi wamepata kazi". Wengi wangapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mchezo unapochezwa. Bodi yenyewe hupimwa na jimbo, na jimbo hupimwa na Wizara ya Kazi. Vipimo vya vijana ni hivi: yuko kazini au masomoni katika robo mwaka ya pili baada ya kutoka, yuko bado katika robo ya nne, mshahara wa kati katika robo ya pili, amepata cheti kinachotambulika, na amepiga hatua inayopimika akiwa bado darasani. Kipimo cha sita huangalia namna waajiri wanavyohudumiwa. Anayechaguliwa ni yule anayeonekana hataiaibisha bodi kwenye vipimo hivi.

"Kutoka" hakumaanishi sherehe ya mahafali. Kijana huhesabiwa ametoka baada ya siku 90 bila huduma, na tarehe ya kutoka inarudishwa nyuma hadi siku ya huduma ya mwisho. Chukua kijana aliyepata huduma ya mwisho tarehe 14 Februari 2025. Robo ya pili baada ya kutoka ni Julai hadi Septemba 2025. Robo ya nne ni Januari hadi Machi 2026. Fedha zenu za mafunzo zimekwisha zamani, mwalimu amehamia Ohio, na ndipo kijana yule anapohesabiwa. Anahesabiwaje? Kwa namba yake ya hifadhi ya jamii, ikilinganishwa na kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri hupeleka jimboni kila robo mwaka. Binti anayesuka nywele nyumbani na kulipwa taslimu haonekani humo. Kwa vitabu vya bodi, hana kazi. Inaruhusiwa kumthibitisha kwa njia nyingine, kama stakabadhi za malipo au karatasi za kodi za aliyejiajiri, lakini mtu lazima azikusanye, azitie faili, na azilete. Kama hamna mtu huyo kwa jina na kwa saa za kazi ndani ya bajeti, msomaji anajua hazitaletwa.

Na cheti. Kile kizuri mnachowapa vijana chenye nembo ya shirika na picha ya cherehani, hakihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kile ambacho soko au jimbo linakitambua: msaidizi wa wauguzi, ambaye Kentucky humwita SRNA, leseni ya kuendesha malori, cheti cha kuchomelea, diploma ya sekondari au GED, cheti kinacholingana nayo. Diploma nayo ina sharti lake: kijana awe pia kazini au masomoni ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka. Kiingereza kwa upande wake kinaingia kwenye kipimo cha hatua, ikiwa mnampima kijana mwanzo na mwisho kwa mtihani uliokubaliwa na akapanda ngazi. Walimu wenu wanafanya kazi hiyo tayari. Hawaipimi tu.

Sehemu ya pili iliyowaangusha ni fedha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakaguzi wa serikali kuu wanaamini hivyo hivyo, ila wao wakikuta daftari halipo wanadai warudishiwe mali. Mikataba hii kwa kawaida ni ya kurudishiwa ulichotumia. Mkiomba dola 240,000 kwa mwaka, ni kama 20,000 kwa mwezi. Mnalipa mishahara, kodi ya jengo na nauli za vijana mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili mnapeleka ankara na vielelezo. Kanuni zinamtaka mlipaji alipe ndani ya siku 30 tangu apokee ankara, kama haina kasoro. Ikiwa na kasoro, mnaanza upya. Kwa hiyo shirika lenye afya linahitaji dola 40,000 hadi 60,000 za kulala benki kabla ya siku ya kwanza. Taarifa yenu ya benki ilionyesha 7,300. Msomaji wa fedha hakuwa na chuki na ninyi. Alijiuliza tu mishahara ya Agosti itatoka wapi.

Kanuni zinaruhusu malipo ya awali kwa shirika linaloonyesha mfumo mzuri wa kusimamia fedha, na inafaa kuliuliza hilo kwa maandishi wakati wa maswali, ingawa bodi nyingi hazipendi. Jambo jingine mliloliacha mezani ni gharama za jumla za shirika, kama mhasibu, umeme na mkurugenzi. Kwa ruzuku zilizotolewa tangu 1 Oktoba 2024, shirika lisilo na kiwango lilichokubaliana na serikali linaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja, baada ya kuondoa vipengele fulani. Zamani ilikuwa 10. Nyinyi mliandika sifuri, labda kwa kutaka kuonekana wa bei nafuu. Mpima bajeti aliyezoea kazi hii hasomi sifuri kama unafuu. Anaisoma kama mtu asiyejua shirika lake linagharimu nini.

Mlango wa orodha nitaupita haraka. Ile orodha ya watoa mafunzo waliokubaliwa iko chini ya gavana wa jimbo, na bodi inaweza kuongeza masharti yake juu. Ukiwemo, huhakikishiwi hata mwanafunzi mmoja: mtu aliyepewa akaunti yake ya mafunzo, yaani fedha alizotengewa kulipia masomo, anachagua shule mwenyewe, na fedha zinamfuata. Kibali cha kwanza ni cha mwaka 1, kisha hukaguliwa angalau kila miaka 2 kwa kuangalia wangapi walimaliza na wangapi wanafanya kazi. Programu za uanagenzi zilizosajiliwa huingia bila kupitia kichujio hicho. Shule binafsi ya ufundi hapa Kentucky inahitaji kwanza leseni ya jimbo, na mafunzo ya SRNA yana kibali chake tena, juu ya saa 75 ambazo sheria ya serikali kuu inazitaka kwa uchache. Kwa ukubwa wenu wa sasa nisingewashauri. Pelekeni wanafunzi kwenye shule iliyo tayari kwenye orodha, na ninyi mbaki na Kiingereza, usafiri na kumshika mkono. Huko ndiko wanafunzi wetu huanguka. Somo lenyewe wengi wanaliweza.

Lile tundu la nne ni hili. Kwa mafunzo ya watu wazima, akiwemo kila mama aliye darasani kwenu mwenye miaka 18 na zaidi, sheria inaruhusu bodi iache mfumo wa akaunti binafsi na kutoa mkataba wa moja kwa moja kwa shirika la jamii ambalo programu yake imethibitika kufaa kwa watu wenye vikwazo vya kupata kazi. Wanaojifunza Kiingereza wametajwa kwa jina kati ya watu hao. Bodi ndiyo inayoweka vigezo vya "imethibitika", na sheria inaelekeza viwe kama uimara wa kifedha, kiwango cha wanaomaliza na wanaopata na kubaki kazini, na jinsi mafunzo yanavyolingana na mahitaji ya eneo. Utaratibu wa kuchagua lazima uwe umeandikwa katika mpango wa eneo, ule wa miaka 4 ambao bodi hulazimika kuuweka wazi. Ufungue, tafuta sehemu ya mikataba ya mafunzo. Mara nyingi utakuta aya mbili za kunakili ambazo hakuna aliyewahi kuzitumia. Kuomba zitumike ni jambo halali kabisa, na mpango hupitiwa upya baada ya miaka 2, wakati ambapo wananchi hukaribishwa kutoa maoni.

Haya, sasa lile shirika kubwa linalowapigia simu. Ulikasirika, na ningekasirika pia. Lakini angalia kwa jicho la mfanyabiashara: kwa nini wanapiga? Kwa sababu asilimia 75 lazima iwe vijana wasio shuleni, na vijana hao hawapatikani kwa kubandika tangazo ukutani. Wako kwenye maghala usiku, wako nyumbani na wadogo zao, wako kanisani kwenu Jumapili. Wanazo fedha na hawana watu. Nyinyi mna watu. Msiwape orodha ya majina kwa kikombe cha kahawa.

Waambieni mko tayari kuwa mkandarasi mdogo chini yao, kwa mkataba wa maandishi, kama bodi itaridhia. Ombeni vitu vinavyotajika: kutafuta na kuandikisha vijana, darasa la Kiingereza cha kazini lenye mtihani mwanzo na mwisho, ulezi wa miezi 12, na ufuatiliaji baada ya kutoka. Baadhi yake zimo kati ya zile huduma 14, na ndizo kazi mnazozifanya bure sasa. Toeni bei kwa kila moja. Na sharti msiloliachia hata kidogo: nakala ya matokeo ya kila kijana mliyemhudumia irudi kwenu, kwa kufuata kanuni za siri, angalau kwa jumla. Bila hayo, baada ya miaka miwili matokeo yote yatakuwa kwenye faili la mtu mwingine, na andiko lenu lijalo litasema tena "vijana wengi".

Ongezeni na mahali pa kazi. Ile asilimia 20 ya uzoefu wa kazi inamlazimu mkandarasi kutafuta waajiri watakaompokea kijana. Yule mzee wenu mwenye karakana ya magari, duka la vyakula vya Kiafrika, nyumba ya wazee ambako nusu ya zamu ya usiku ni watu wetu: wote wanaweza kuwa mahali pa kazi, huku mshahara wa kijana ukilipwa na programu. Ukiingia mkutanoni na barua nane za waajiri, mazungumzo yanabadilika.

Kabla ya kumpeleka kijana yeyote, kagueni karatasi zake. Awe na ruhusa ya kufanya kazi, na mkimbizi anayo tangu siku alipoingia. Mvulana aliyefika umri wa miaka 18 awe amejiandikisha Selective Service, ule usajili wa wanaume wa miaka 18 hadi 25 ambao wavulana wetu wengi hawaujui hadi unapowafungia mlango. Unawahusu wakimbizi pia. Ni jambo la dakika chache kwenye simu, na nimeona vijana wakirudishwa nyumbani kwa sababu yake.

Sasa kujuana. Sheria ile ile inataka mikutano ya bodi iwe wazi, na kumbukumbu za mikutano, mpango na taarifa za nani amepewa mikataba ya vijana zipatikane kwa mwananchi. Mjumbe haruhusiwi kupiga kura juu ya jambo linalolipa shirika lake, yeye mwenyewe, au jamaa yake wa karibu. Na shirika moja likivaa kofia mbili, kwa mfano linaendesha kituo na pia linahudumia vijana, lazima kuwe na mkataba wa maandishi unaoonyesha ukuta kati ya kazi hizo. Kwa hiyo omba mambo matatu kwa barua ya heshima: kikao cha kuelezwa alama zenu, fomu za wasomaji wote kwa zabuni yenu na ya mshindi, na kumbukumbu za mkutano uliopitisha mkataba. Angalia nani alijitoa kwenye kura. Angalia kama msomaji mmoja ametoa alama zilizo mbali mno na za wenzake. Ukikuta mjumbe amepiga kura penye maslahi yake, una malalamiko ya kweli, na utaratibu wa rufaa uko ndani ya tangazo lenyewe. Lakini siku za kukata rufaa huwa chache sana tangu barua ya matokeo, na kwa mkataba huu zimeshapita. Kwa ule ujao, ziandike kwenye kalenda siku ile ile barua inapofika.

Mwezi huu, ningekuwa wewe, ningefanya kazi moja tu ya kuchosha. Chukua majina ya vijana wote mliowafundisha tangu Januari mwaka jana. Mpigie kila mmoja: unafanya kazi wapi, tangu lini, kwa dola ngapi kwa saa, na je, inapitia kwenye hundi au taslimu? Tia kwenye daftari. Mkifika nusu tu ya majina, tayari mtakuwa na kitu ambacho andiko lenu halikuwa nacho mara zote mbili.

Fomu za alama zikifika, nitumie. Nitaanza kusoma ukurasa wa bajeti.